Maji ya Bwawa Yakitibuka

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kuchimba mabwawa ya samaki 200 katika kila eneo bunge lililoteuliwa. Baadhi yamekwisha kuota nyasi. Huenda sababu mojawapo ni maji kutibuka, na mfugaji kukata tamaa.

Yafaa mfugaji wa Kiogoro asikimbilie kuyamwaga. Na ayateke kwa gilasi, ayaache usiku kucha. Tope likituama chini, huenda mvua ndiyo iletayo udongo: achimbe mtaro upande wa juu na kupanda nyasi kingoni. Yakibaki ya kijani kilichokolea mno, rutuba imezidi: asitishe samadi. Yakiwa meupe na yenye kunuka, huenda chakula kilichosazwa kinaoza: apunguze. Perege wakihema juu ya maji alfajiri, hewa imepungua: aingize maji mapya mara moja.

Elimu hii si ngumu, na kituo cha utafiti wa samaki kipo Kegati. Lakini nani huifikisha kwa mkulima? Tangu 2013 ugani ni jukumu la kaunti. Kuhesabu mabwawa hakutoshi; hapana budi yatembelewe. Bwawa lisilo na mshauri ni shimo la maji tu.