Dirisha na Jiko la Mkaa

Juni na Julai huku Lukozi ukungu hushuka hadi mlangoni, na baridi huingilia dirishani. Ndipo watu huingiza jiko la mkaa chumba cha kulala. Kwa sababu hiyo leo naandika juu ya dirisha.

Fremu ya chuma au alumini hupitisha baridi upesi. Ishike alfajiri, utaona. Ya mbao huizuia vizuri zaidi, ila mbao ziwe kavu. Fundi akikutengenezea kwa mbao mbichi za mgrivea, zitasinyaa na kuacha nyufa, nawe utakuwa umenunua upepo.

Lakini dirisha likifunga vizuri, jiko la mkaa ndani ni hatari zaidi. Mkaa unaowaka, hata usiotoa moshi, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala hasikii kitu. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu na kichefuchefu, mtoeni nje mara moja, kisha mpelekeni hospitali.

Usiku tumieni blanketi. Jua likitoka, fungueni madirisha yote, maana kifua kikuu huenea upesi katika chumba kisichopitisha hewa.