Safari ya Anga kwa Abiria Anayetumia Kiti Mwendo

Abiria wa kawaida akishakabidhi begi lake kaunta, huendelea na safari kwa miguu yake. Abiria anayetumia kiti mwendo hulazimika, wakati fulani kabla ya ndege kuruka, kukikabidhi kiti chenyewe, kwa kuwa ndege za abiria tunazosafiri nazo hazina nafasi ya kukifunga kiti hicho ndani ya chumba cha abiria. Kuanzia hapo hadi atakaporudishiwa, kila hatua yake hutegemea watu asiowafahamu, vifaa vilivyopo uwanjani, na maneno machache yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu za tiketi yake siku kadhaa zilizopita. Ndiyo maana sehemu kubwa ya safari yake huamuliwa kabla hajafika uwanjani.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba huduma inayozungumzwa hapa si hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Aidha, Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, kina sehemu inayohusu kuwawezesha abiria wenye ulemavu kusafiri. Abiria anayeomba msaada anadai kinachomstahili, na hana sababu ya kuomba kwa unyonge.

Herufi nne zinazoamua huduma

Kampuni za ndege duniani hutumia misimbo ya pamoja kueleza aina ya msaada unaohitajika. Msimbo WCHR humhusu abiria anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, ila umbali wa kutoka kaunta hadi ndegeni unamshinda. WCHS ni wa yule asiyeweza ngazi, lakini akishafikishwa mlangoni mwa ndege anaweza kujikongoja hadi kitini pake. WCHC ni wa abiria asiyeweza kutembea kabisa, ambaye lazima asaidiwe mpaka kwenye kiti atakachokalia.

Misimbo hii hutofautiana kwa herufi ya mwisho tu, lakini tofauti hiyo ni kubwa. Abiria asiyetembea akiandikiwa R badala ya C, atasukumwa vizuri mpaka chini ya ngazi ya ndege, kisha mhudumu atamtazama akisubiri asimame. Gari la kunyanyulia abiria halitakuwapo, wala kile kiti chembamba kinachopita katikati ya safu za viti, kwa sababu hakuna aliyeviagiza. Wakala wa tiketi akiambiwa tu kwamba "mama anahitaji kiti mwendo", ni rahisi akachagua msimbo wa kwanza anaoukumbuka. Anayekata tiketi aeleze mambo matatu waziwazi: kama abiria anaweza kutembea umbali mrefu, kama anaweza kupanda ngazi, na kama anaweza kufika kitini bila kushikwa. Wazee wetu wengi, kwa kutopenda kuwasumbua watu, hujibu "natembea tu, mwanangu". Jibu hilo la staha linaweza kuwaponza mbele ya ngazi ya ndege.

Kampuni nyingi hutaka ombi liwafikie angalau saa 48 kabla ya safari. Abiria anashauriwa kutoa taarifa anapokata tiketi, kisha apige simu kwa kampuni yenyewe, si kwa wakala pekee, ili kuhakikisha kwamba ombi limethibitishwa. Ombi lililotumwa na ombi lililothibitishwa ni vitu viwili tofauti. Inafaa kuomba uthibitisho wa maandishi na kwenda nao uwanjani. Ikiwa safari ina ndege mbili za kampuni tofauti, kila kampuni iulizwe peke yake.

Wapo abiria wanaodaiwa cheti cha daktari kwa sababu tu wanatumia kiti mwendo. Ulemavu si ugonjwa. Mtu aliyepooza miguu miaka kumi iliyopita na ambaye afya yake ni tulivu hana jambo la kuthibitisha kwa daktari kabla ya kupanda ndege. Cheti kina maana kwa aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, anayehitaji oksijeni, au ambaye hali yake inaweza kubadilika angani. Suala la msindikizaji ni tofauti kidogo: kampuni inaweza kumtaka abiria asafiri na mtu ikiwa hawezi kabisa kushiriki katika kujiokoa endapo kutatokea dharura. Hili linahusu usalama, na ni vema lijadiliwe wakati wa kukata tiketi kuliko kuibuka siku ya safari.

Kutoka kaunta hadi kitini

Katika Jengo la Tatu la Abiria la Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere, lililoanza kutumika mwaka 2019, abiria anaweza kuingia ndegeni kupitia daraja bila kukutana na ngazi. Mambo si hivyo katika viwanja vyetu vingi vya mikoani, ambako ndege za ATR na Dash 8 hupandwa kwa ngazi zake zenyewe, wala katika ndege ndogo zinazokwenda visiwani na kwenye hifadhi za wanyama. Kwa hiyo swali la kuiuliza kampuni lisiwe la jumla. Litaje kiwanja na aina ya ndege: "Katika kiwanja hiki, kwa ndege hii, mtanipandishaje?" Swali hilohilo liulizwe kuhusu kiwanja cha kushukia, kwa kuwa kifaa kinaweza kuwapo mwanzo wa safari na kukosekana mwisho wake.

Mahali ambapo hakuna kifaa, wahudumu wakati mwingine hujitolea kumbeba abiria mikononi au mgongoni. Nia yao yaweza kuwa njema, lakini ngazi za ndege ni nyembamba, na kuteguka au kuanguka kunaweza kumuumiza anayebebwa na anayebeba. Abiria anayo haki ya kukataa kunyanyuliwa kwa namna anayoiona kuwa ya hatari au inayomvunjia heshima. Akikubali kunyanyuliwa, yeye ndiye anayejua mwili wake unashikwa wapi, na maelekezo yatoke kwake. Wahudumu nao wamsemeshe yeye. Kumuuliza msindikizaji "Je, anaweza kukaa dirishani?" huku mwenyewe yupo na anasikia ni kosa dogo linaloumiza sana.

Kwenye ukaguzi wa usalama, abiria asiyeweza kupita kwenye mlango wa kielektroniki hupekuliwa kwa mkono na ofisa wa jinsia yake, naye anaweza kuomba jambo hilo lifanyike faragha. Kwa kawaida yeye hupandishwa ndegeni wa kwanza na kushushwa wa mwisho. Kwa sababu hiyo, anayeunganisha ndege asikubali muda mfupi kati ya ndege moja na nyingine. Dakika 60 zinazomtosha abiria mwingine zinaweza kumalizika yeye akiwa bado anasubiri kiti chembamba mlangoni.

Katika kuchagua nafasi, hatapangiwa safu ya mlango wa dharura. Aombe kiti ambacho mkono wake wa upande wa njia hunyanyuka. Mara nyingi kitufe cha kuufungulia hufichwa kwa chini, na si kila mhudumu anakumbuka kilipo. Mto maalumu wa kuzuia vidonda vya mgandamizo usiende na mizigo, bali uingie naye ndani. Ukiwa ni mto wa hewa, uangaliwe baada ya ndege kupaa, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ndani ya ndege hupungua na mto hufura.

Choo ni suala ambalo wengi huona haya kuliuliza. Katika ndege zenye njia moja katikati, choo ni finyu mno kwa mtu anayehitaji kusaidiwa kuhama kutoka kiti kimoja hadi kingine. Wahudumu wa ndege wanaweza kumsogeza abiria hadi mlangoni mwa choo ikiwa kiti chembamba kimo ndani ya ndege, lakini hawamsaidii akiwa chooni. Matokeo yake, wapo wanaoacha kunywa maji tangu jana yake, jambo lenye madhara kwa figo na kwa kibofu. Ni afadhali kuuliza mapema kama kiti hicho kitakuwamo ndegeni, na kupanga na daktari njia salama ya kujisitiri katika safari ndefu.

Kiti chenyewe

Viti vingi huharibika kwa sababu isiyojulikana sana na abiria. Katika ndege za Boeing 737, zinazotumika kwa safari nyingi za kanda hii, mlango wa chumba cha mizigo una kimo cha chini ya mita moja. Kiti kizito cha umeme, ambacho kinaweza kuzidi kilo 100, kisipokunjwa mgongo wake hakipiti kikiwa kimesimama. Mpakiaji asiyejua namna ya kukikunja hukilaza ubavu, na hapo ndipo usukani au mkono wa kiti huvunjika. Basi vipimo vya kiti (urefu, upana, kimo kikiwa kimekunjwa, na uzito) vipelekwe kwa kampuni wakati wa kuomba huduma. Karatasi yenye picha na maelezo mafupi kwa Kiswahili na Kiingereza ibandikwe kwenye kiti: kishikwe wapi, kisishikwe wapi, breki zinafunguliwaje, mgongo unakunjwaje. Sehemu zinazochomoka, kama vile mto, vikanyagio na kifaa cha kuongozea, ziingie ndani pamoja na abiria. Picha za kiti zipigwe dakika chache kabla ya kukikabidhi.

Kwa viti vya umeme, kampuni itauliza aina ya betri. Betri ya lithiamu iliyoundwa ili ichomolewe kutoka kwenye kiti kinachokunjwa huingia chumba cha abiria, na haipaswi kuzidi wati-saa 300. Kiti kikiwa na betri mbili, kila moja isizidi wati-saa 160. Kama wati-saa hazikuandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 24 na ampea-saa 10 ina wati-saa 240, hivyo inakubalika. Betri za aina nyingine, na zile zilizofungwa imara ndani ya kiti, zina masharti yake. Kwa vyovyote vile kampuni iarifiwe mapema, kwani betri isiyotolewa taarifa inaweza kukiacha kiti uwanjani.

Abiria aombe pia kwamba kiti chake kiletwe mlangoni mwa ndege wakati wa kushuka, badala ya kukifuata kwenye mkanda wa mizigo. Ombi hili haliwezekani katika kila kiwanja, lakini lisipotolewa halitekelezwi.

Kikirudi kimeharibika

Kiti kikaguliwe palepale, kabla ya kutoka uwanjani. Kikiwa na kasoro, abiria ajaze fomu ya taarifa ya mzigo ulioharibika na abaki na nakala yake. Kwa safari za kimataifa kati ya nchi wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, Tanzania ikiwa mojawapo, malalamiko ya maandishi kuhusu mzigo ulioharibika lazima yaifikie kampuni ndani ya siku 7 tangu mzigo ulipopokelewa, na kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2.

Mkataba huo unakihesabu kiti mwendo kuwa mzigo. Ukomo wa fidia ya mizigo, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa kila abiria, yaani takriban dola 2,000 za Marekani. SDR ni kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiasi hicho ni kwa mizigo yote ya abiria huyo, begi na kiti kwa pamoja. Kiti cha umeme kinaweza kugharimu mara kadhaa ya hapo, na kwa maoni yetu ukomo huu haukutungwa kwa kumfikiria mtu ambaye bila mzigo wake hawezi kutoka kitandani. Hata hivyo, Mkataba wenyewe umeacha mlango wazi: abiria akitoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi kiti, na kulipa nyongeza kama itadaiwa, kampuni inaweza kuwajibika hadi kiasi alichokitamka. Watumishi wengi wa kaunta hawajawahi kuombwa tamko hilo. Ni vizuri abiria aliandae kwa maandishi, likiambatana na risiti ya kiti, na aliwasilishe kwa kampuni siku kadhaa kabla.

Safari za ndani ya nchi haziongozwi na Mkataba huo, bali na sheria za nchi na masharti ya usafirishaji yanayoambatana na tiketi. Masharti hayo yasomwe kabla ya kulipa.

Lalamiko lolote, liwe la kiti kilichovunjika au la abiria aliyeachwa chini ya ngazi, huanzia kwa kampuni ya ndege, na liwe la maandishi. Liambatanishwe na nakala ya tiketi, uthibitisho wa ombi la huduma, picha za kiti kabla na baada ya safari, na gharama za matengenezo au za kukodi kiti kingine. Abiria asiporidhika na majibu, au asipojibiwa, anaweza kulileta kwa Mamlaka. Uamuzi wa Mamlaka nao unaweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani. Asiyeweza kufika ofisini anaweza kuwakilishwa na ndugu au chama chake, mradi barua ya uwakilishi iwe imesainiwa au kuwekwa alama ya dole gumba na abiria mwenyewe.