Chesisi Kwanza, Rangi Baadaye

Kila mji wa wilaya nchini una magari yaliyoachwa juu ya mawe, na Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, haukosi ya kwake. Kuna lililobaki kebini tupu, kuna lililogeuzwa banda la kuku, kuna lililofunikwa turubai huku mwenyewe akiapa kwamba ipo siku. Moja la aina hiyo ya mwisho liko uani kwetu: Land Rover 109, pikapu ya toleo la tatu, lile lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Linarudishwa barabarani kidogo kidogo, mavuno hadi mavuno, kwa mikono ya fundi mmoja mzee na vijana anaowafundisha kazi. Naandika habari zake kwa sababu naamini kazi ya namna hii inastahili kufanywa, na kufanywa kwa utaratibu wake: chini kwanza, juu baadaye.

Wengi huanza na rangi. Rangi inaonekana, majirani wanapita na kusifu, mwenye gari anajisikia amefika. Lakini pikapu iliyopakwa rangi juu ya chesisi iliyooza ni hatari inayometameta. Siku ikibeba magunia na kuingia kwenye korongo, kitakachokatika si rangi.

Ili kuelewa kwa nini 109 huzeeka vile inavyozeeka, inabidi kurudi nyuma. Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilipatikana kwa mgao, ilhali alumini ilikuwapo ya kutosha. Maurice Wilks na wenzake katika kampuni ya Rover wakaamua bodi iwe ya aloi ya alumini na chesisi ibaki ya chuma. Uamuzi huo wa wakati wa dhiki ndio unaompa fundi wa Kiomboi kazi leo. Bodi haishiki kutu, kwa hiyo gari lililoishi miongo mingi bado lina sura. Chesisi ni maboksi ya chuma yaliyochomelewa, nayo huoza kutokea ndani. Tope huingia, huziba matundu ya kutolea maji, kisha hukaa humo likilowana kila mvua zinapoanza.

Hapo mkoa wetu wa Singida unatupendelea. Huku mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ukavu na upepo. Gari lililozeekea Tanga au Mtwara, penye hewa ya chumvi, si sawa na lililozeekea Iramba. Hata hivyo fundi wetu hakutaka kuamini hali ya hewa peke yake. Alilala chali chini ya gari akiwa na nyundo ndogo, akaanza kugonga kutoka mbele. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti butu. Aligonga, akasikiliza, akaweka alama ya chaki, akasogea. Boriti mbili kubwa za urefuni zilikuwa nzima. Mabovu yalikuwa yale mashikio ya pembeni yanayobeba kebini, pamoja na boriti ya mwisho kabisa nyuma, inayofungwa ndoano ya kuvutia tela. Huko ndiko uozo hupenda kuanzia kwenye magari haya. “Hizi zinakatwa, tunachomelea nyingine,” alisema akijifuta vumbi usoni. “Lakini usiogope, mwanangu. Mgongo upo.”

Kuna ugonjwa mwingine usioonekana kwa mbali. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na hugeuka unga mweupe. Tulipofungua sakafu ya bodi ya nyuma, unga huo ulimwagika kwenye karibu kila tundu la boliti. Ukifunga bati jipya bila kutibu chanzo, unarudi palepale baada ya misimu michache. Dawa ni kuzitenganisha metali hizo mbili: unapaka praima pande zote, kisha unaweka mpira katikati. Tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa vipande hufanya kazi hiyo vizuri sana, na Kiomboi tyubu kuukuu haziadimiki.

Kazi iliyonipendeza kupita zote ilikuwa ya kunyoosha madigadi ya mbele, yaliyobonyea kwa ajali ambayo hakuna anayeikumbuka. Alumini iliyokwisha gongwa hukakamaa, na ukiipiga tena ikiwa baridi inapasuka. Ili ilainike lazima ipashwe moto, lakini alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo jicho halina cha kupimia. Fundi alichukua mche wa sabuni ya kufulia, akasugua sehemu yote iliyobonyea, halafu akapitisha moto wa gesi kwa mbali, huku na huku. Sabuni ikawa ya kahawia, ikaanza kuwa nyeusi, naye akaondoa moto papo hapo. Sabuni ikifika rangi hiyo, bati limefikia joto la kulainika bila kuyeyuka. Akaacha lipoe, akaweka mfuko wa mchanga upande mmoja, akapiga kwa nyundo ya mti upande wa pili, akizunguka kutoka pembeni kwenda katikati. Vijana wake walisogea karibu, na simu zao zikarudi mifukoni. Kisha akamkabidhi mmoja wao nyundo.

Ufundi huu ulikomaa wakati wa uhaba. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata 1978 na 1979, na miaka ya mwanzo ya themanini fedha za kigeni zilikuwa adimu kiasi kwamba tairi, betri na spea vilipatikana kwa bahati. Waliokuwapo wanakumbuka pia marufuku ya kuendesha magari Jumapili alasiri ili kubana mafuta. Katika hali hiyo, fundi wa wilayani hakuwa na njia ya kuagiza, alitengeneza. Bushi zilichongwa kwenye matairi chakavu, gasketi zikakatwa kwenye karatasi ngumu, springi iliyovunjika gari hili ikapata mwenzake kutoka gari lile. Kuanzia 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kuingia, na miaka iliyofuata yakawa mengi. Ndipo Land Rover nyingi ziliposukumwa uani. Nyingi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimepitwa na kitu chenye kiti laini na kinachokula mafuta kidogo.

Na huku Iramba gari hilo lilikuwa limefanya kazi kubwa. Uwanda wetu uko juu, umezungukwa na miteremko mikali, na chini yake kuna mbuga ya Wembere ambayo masika hugeuka matope matupu. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, waliofika Iramba miaka ya 1920, na baada yao serikali na idara zake, wote walihitaji gari linaloweza kufika vijijini bila kuuliza kama barabara ipo. Kwa hiyo sioni aibu kulitendea gari hili kwa heshima. Lilipeleka watu na dawa mahali ambapo vinginevyo wangekwenda kwa miguu.

Ubishi mkubwa uani kwetu ulihusu injini. Ya asili ni ya petroli, silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Ina nguvu ikiwa kwenye mwendo mdogo na inapanda mlima bila kulalamika, ila inakunywa mafuta. Mafundi wengi nchini huing'oa na kuweka ya dizeli kutoka Toyota, Nissan au Isuzu, wakichonga bamba la kuunganishia giaboksi. Siwalaumu hata kidogo. Gari la kubeba watu kila siku lazima lilipe mafuta yake, na dizeli ya Kijapani imeokoa Land Rover nyingi zisikatwe kuwa vyuma chakavu. Sisi tuliibakiza ya asili kwa sababu bloku ilikuwa nzima, na kwa sababu kila kitu kilichomo kinafunguliwa kwa spana za kawaida. Hakuna kompyuta ya kusoma. Kabureta unaiona, pointi za disteributa unazisafisha kwa msasa mwembamba, na betri ikiisha unapiga hendeli kwa mbele. Kijana anayejifunza juu ya injini hii anaelewa injini ni nini. Bloku ingekuwa imepasuka, ningechagua dizeli bila kusita.

Bloku ilipelekwa mjini kwa lori la alizeti, silinda zikachongwa, pistoni na ringi za saizi ya juu zikafungwa. Fundi alisisitiza pia viti vya valvu vikaguliwe. Injini za zamani zilitengenezwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na risasi ile ilivilinda viti hivyo visiliwe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa risasi kwenye petroli kufikia mwisho wa 2005, jambo jema kabisa kwa damu na akili za watoto wetu, na mwenye injini kuukuu hana budi kuangalia valvu zake mara kwa mara.

Spea zinatoka Arusha. Huko ndiko Land Rover inakoishi hasa, mjini na kwenye njia za Longido na Ngorongoro, na tamasha lake la Oktoba 2024 liliwaleta wamiliki kwa mamia pamoja na magari yao. Unapiga picha ya kifaa, unaituma kwa WhatsApp, muuzaji anajibu na bei, unalipa kwa simu, kifurushi kinapakiwa kwenye basi kupitia Babati na Katesh hadi Singida. Kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya mfululizo wa zamani tarehe 29 Januari 2016, lakini duniani bado yapo magari mengi ya ukoo huo, na ndiyo maana vifaa bado vinatengenezwa. Tatizo ni ubora. Boksi linang'aa, kilichomo ndani ni chuma laini. Fundi wetu hupendelea kuchonga upya kifaa cha zamani kuliko kufunga kipya asichokiamini, na kwa sehemu kama springi na shafti za magurudumu ya nyuma nakubaliana naye moja kwa moja.

Fedha nazo zina msimu wake. Alizeti ikiuzwa vizuri, kuna kinachobaki baada ya ada na chakula, na kazi inasogea. Mwaka 2023 bei ilipoporomoka, gari lilisimama, nasi tukalifunika turubai tukasubiri. Hilo halikunisumbua kama nilivyoona likiwasumbua wengine. Wanaokopa ili gari liishe kwa mkupuo mara nyingi huliuza likiwa nusu. Mradi wa nyumbani una faida kwamba haukudai chochote siku usiyo na kitu.

Kwa miaka mingi hata hilo halikuwa kweli kwa upande wa serikali. Ada ya mwaka ya leseni ya gari iliendelea kuhesabiwa hata kama gari halina magurudumu, na mwenye gari lililolala alijikuta ana deni linalozidi thamani ya chuma chake. Bajeti ya 2017/18 iliifuta ada hiyo na kuhamishia makusanyo kwenye mafuta. Kwa anayetengeneza gari taratibu, lilikuwa jambo kubwa: sasa gari hulipa linapotembea. Mwenye gari kuukuu na atafute kadi yake mapema, kabla hajanunua hata plagi moja. Injini inatengenezeka; gari lisilo na kadi, au lenye kadi ya marehemu ambaye mirathi yake haikufunguliwa, ni mzigo wa aina nyingine kabisa.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisinunue Hilux iliyotumika nikapumzika. Swali la haki. Ningekuwa nahitaji gari kesho asubuhi, ningeinunua. Lakini kwenye uwanja huu vijana wamejifunza kuchomelea, kunyoosha bodi, kufungua giaboksi na kuirudisha bila kubaki na boliti mkononi. Mmoja wao ameshaanza kuitwa kwenye nyumba za watu. Fundi aliyewafundisha hana cheti na hatapata mwingine wa kumrithi isipokuwa awe na gari la kufundishia. Vyuo vya VETA vinafundisha vizuri, na ningependa vijana hawa wapite huko, ila darasani hawatapata nafasi ya kukaa na gari moja mpaka walijue lote.

Sasa tumefika kwenye breki. Ni za ngoma magurudumu yote manne, na fundi amekataa kabisa kutumia tena mpira wowote wa zamani: kapu za silinda mpya, mipira ya kupitishia mafuta mipya, na bitana za viatu vya breki zimebandikwa upya. Mtihani utakuwa Mlima Sekenke, ule mteremko wa kuelekea Shelui ambako Wajerumani walichimba dhahabu, na ambako malori mazito yamekuwa yakifeli kwa miaka. Litashuka tupu kwanza, kwa gia ndogo, alfajiri kabla ya malori kujaa, kisha litapanda kurudi Misigiri tukitazama geji ya joto. Rejeta imekwisha kusafishwa na kuzibwa. Maji yasipochemka na kanyagio la breki lisipozama, mavuno yajayo litapakia alizeti kwenda kukamuliwa, magunia machache kwanza.