Kitabu Teule Nyumbani

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na katika intaneti, ingawa kwa nyumba zisizo na umeme mpango huo ulibaki kuwa habari ya kusikia tu. Kwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne, nyenzo isiyohitaji umeme wala bando ilikuwa kitabu teule, yaani kitabu cha fasihi kinachotahiniwa kitaifa, wakati huo mathalani riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, au tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo. Darasani vitabu vya aina hii husomwa mbiombio, maudhui yakikaririwa kwa ajili ya mtihani. Nyumbani, pasipo kengele, palikuwa na nafasi ya tafakuri, yaani kusoma huku msomaji akiyapima maisha yake kwa yale asomayo, na riwaya inayosimulia familia zilizotawanywa na ghasia za baada ya uchaguzi ilimfaa hasa kijana ambaye naye ratiba yake ilikuwa imevurugwa na tukio asilolichagua. Shule zilipoanza kufunguliwa tena, walioungana na walimu wao tarehe 12 Oktoba 2020 walikuwa watahiniwa na wanafunzi wa Gredi ya Nne. Wengine walisubiri hadi Januari 2021.