Kilichopimwa na Kilichokadiriwa

Katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), kanzu iliyochanika kwa nyuma ndiyo iliyobainisha ukweli. Leo wapelelezi wa nchi mbalimbali hutafuta dalili kwa chombo cha mwanga wa leza. Chombo huzunguka katika chumba kilichotendeka uhalifu, hupeleka mwanga na kupokea unaorudi, na kwa njia hiyo hupima umbali wa kila kitu. Hukusanya mamilioni ya nukta, kompyuta ikachora chumba kizima.

Kisha mtaalamu huweka humo umbo la mtu lenye kimo cha shahidi. Shahidi akidai alimwona mtu mlangoni, hutazamwa kutoka usawa wa macho yake: je, kabati halikumziba?

Lakini tahadhari! Kuta zimepimwa, umbo limewekwa na binadamu. Likisogezwa hatua moja tu, jibu laweza kugeuka. Kwa hiyo mtaalamu hana budi kueleza mahakamani kipi kimepimwa, kipi kimekadiriwa, na kwa dalili gani. Asipoeleza, picha nzuri yaweza kumfunga asiye na hatia.

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Picha nayo ni habari.