Ccache

Ccache ni programu huria ya kompyuta inayotunza matokeo ya kompaila ili kazi iliyokwisha kufanywa isirudiwe. Hutumiwa hasa na waandishi wa programu za lugha za C na C++. Faida yake ni kuokoa muda. Sharti lake ni kwamba matokeo yanayotoka katika akiba yawe yaleyale ambayo kompaila yenyewe ingeyatoa.

Historia

Ccache iliandikwa na Andrew Tridgell, mtaalamu wa kompyuta kutoka Australia anayejulikana pia kwa programu za Samba na rsync. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Wazo lilitokana na compilercache, programu ndogo ya Erik Thiele, ambayo Tridgell aliiandika upya kwa lugha ya C. Baadaye usimamizi wake ulichukuliwa na Joel Rosdahl.

Namna inavyofanya kazi

Kompaila hugeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa maagizo ambayo kompyuta inaweza kuyatekeleza. Mradi mkubwa huwa na maelfu ya mafaili, na kuyageuza yote kunaweza kuchukua saa nzima au zaidi.

Mtumiaji huweka neno ccache mbele ya amri yake ya kawaida, kwa mfano:

ccache gcc -c salamu.c

Ccache hukusanya mambo yanayoweza kubadilisha matokeo: maandishi ya faili, mafaili mengine yanayoingizwa ndani yake, machaguo yaliyoandikwa katika amri, na kompaila inayotumika. Kutokana na hayo hukokotoa heshi, yaani namba ndefu inayoutambulisha mkusanyiko huo kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu. Herufi moja ikibadilika, heshi huwa nyingine kabisa.

Kama heshi hiyo imo katika akiba, mtumiaji hupewa matokeo yaliyotunzwa. Kama haimo, kompaila huitwa, na matokeo yake huwekwa akiba. Maonyo ambayo kompaila iliyaandika kwenye skrini hutunzwa pia na kuonyeshwa tena. Bila hivyo mwandishi angedhani kasoro zimekwisha.

Usahihi wa matokeo

Akiba yoyote ina hatari moja: kutoa jibu la jana kwa swali la leo. Kwa mfano, kompaila ikibadilishwa kwa toleo jipya, matokeo ya zamani huenda yasifae. Kwa kawaida ccache hutambua badiliko hilo kwa kutazama ukubwa wa faili la kompaila na wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho.

Mfano mwingine ni neno __TIME__, ambalo katika lugha ya C huandika ndani ya programu saa ilipotengenezwa. Ccache hulitafuta neno hilo ili isirudishe saa iliyopita. Inapokutana na chaguo isiloweza kulishughulikia, huiachia kompaila kazi yote, kwa kuwa kuchelewa ni afadhali kuliko kutoa matokeo yenye makosa.

Mipaka

Mara ya kwanza ccache haiharakishi chochote, bali huongeza kazi kidogo. Vilevile haisaidii hatua ya mwisho ya kuunganisha mafaili kuwa programu moja. Akiba ina kikomo, kwa kawaida GB 5, na ikijaa, matokeo ambayo hayajatumika kwa muda mrefu hufutwa. Amri ccache -s huonyesha takwimu za akiba, na ccache -C huifuta yote.