Kinyago cha igizo la shule: okoa kwenye karatasi, nunua rangi

Siku ya wazazi ikikaribia, mwalimu huagiza vinyago vya simba, fisi na sungura kwa ajili ya igizo. Wazazi wengi hukimbilia steshenari, wakanunua manila nzuri na rangi za bei ya chini kabisa. Ushauri wangu ni kinyume chake: tafuta karatasi ya bure, fedha ipeleke kwenye rangi.

Manila ya ukubwa wa A1 ina sentimita 59 kwa 84, nayo hutoa vipande 8 vya A4. Kinyago cha mtoto kinatoka kwenye kipande kimoja, kwa hiyo wazazi 8 wanaweza kuchangia manila moja. Inakatika vizuri kwa mkasi, ila ikilowa hulegea.

Boksi la biskuti au la sabuni utalipata dukani kwa kuomba tu. Lichane pembeni uone mawimbi ya karatasi yaliyobanwa katikati. Nguvu yake iko hapo. Unapochora, mawimbi yasimame kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni, na boksi litajikunja kuzunguka mashavu bila kuleta ubishi. Ukiyalaza, litavunjika puani. Matundu ya macho yanataka wembe, na wembe ashike mtu mzima.

Sasa rangi. Zile za vidonge zinazouzwa kwa watoto ni rahisi, lakini hata zikikauka huyeyuka tena zikipata maji. Mtoto akicheza ngoma juani, jasho litashusha sharubu za simba hadi kwenye shati jeupe la shule, na shati ni ghali kuliko rangi yoyote ya mtoto. Akriliki ikishakauka haitoki kwa jasho. Bei yake iko juu, kweli, ila huhitaji seti kubwa: nyekundu, njano, bluu, nyeupe na nyeusi zinatosha, hata kahawia ya manyoya utaichanganya mwenyewe.

Kwa darasa zima, nunueni kwanza lita moja ya rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani. Kwa kawaida lita hiyo hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Vinyago 40 vya A4 vikipakwa mara mbili ni mita 5 tu, kwa hiyo hata boksi likifyonza, itatosha na kubaki. Nyeupe hiyo hufunika maandishi ya boksi, na akriliki inabaki kwa macho, midomo na madoa ya fisi.

Rangi ya mafuta msiiguse. Harufu yake ni kali, haikauki upesi, na baadhi ya rangi za aina hiyo zimekutwa na risasi kupita kiwango cha sehemu 90 kwa milioni kinachopendekezwa na WHO. Hiki ni kitu cha kukaa karibu na pua na mdomo wa mtoto.

Mwisho, lastiki ya mafundi cherehani: mita moja hutosha watoto wawili. Bandika selotepu pande zote mbili kabla ya kutoboa, maana kinyago huanza kuchanika kwenye tundu la lastiki.